Swali: Naswali swala 5 lakini furaha siioni, tatizo ni imani?

SWALI: Asalam aleikum sheikh wangu. Niko chuo mwaka wa 2, tunasoma falsafa, mwalimu katwambia Aristotle alisema kila mtu anachotafuta mwisho wa yote ni furaha. Mi naswali zote 5 ila furaha siioni. Imani yangu ina kasoro? Na kuwasoma hawa Wayunani ni haramu?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah mwanangu. La mwisho ni jepesi, si haramu, kitabu cha maadili cha Aristotle kilitafsiriwa Kiarabu zamani sana na kina Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu (kafariki 950), wakakisoma, Farabi mwenyewe akaandika kitabu cha namna ya kuipata saada, yaani heri ya kweli, sembuse wewe una mtihani.

Sasa neno lenyewe. Aristotle alisema eudaimonia na hapo ndo mnapochanganywa, maana furaha ya siku hizi ni hisia, saa 4 ipo saa 6 imeshaondoka, ile yake ni maisha mazima ya mtu kuishi vizuri kwa tabia njema, akasema mbayuwayu mmoja haleti msimu, yaani siku moja nzuri haitoshi. Sisi tuna saada. Sura Hud aya ya 105 inawagawa watu Siku ya Kiyama, kuna shaqiyy (mwenye hasara) na kuna said (mwenye saada), na hayo ni mambo ya mwisho wa mtu sio mudi yake ya Jumamosi jioni.

Herodotus, mwandishi wa historia wa Kiyunani, ana kisa, mfalme tajiri Croesus alimtembeza Solon, mtu wa hekima wa Athens, kwenye hazina zake halafu akamuuliza nani mwenye heri kuliko wote, akitegemea ataambiwa ni wewe mfalme. Solon akamtaja Tellus, raia tu wa Athens, kaona wajukuu, kafa akiupigania mji wake. Yaani usimwite mtu mwenye heri mpaka uone mwisho wake. Nilicheka peke yangu nilipokisoma, maana Bukhari kapokea hadithi kwamba amali ni kwa mwisho wake! Ila Solon anaishia kaburini, sisi hapo ndo daftari linafunguliwa.

Lakini usijitese. Aristotle huyohuyo alisema wanaodai mtu mwema ana heri hata akiwa kwenye mateso wanaropoka, na Ibn Hibban kapokea mambo 4 ya saada: mke mwema, nyumba yenye nafasi, jirani mwema na kipando kizuri. Nyumba na kipando vimo, umeona? Kwa hiyo ukiwa mmebanana wanne chumba kimoja na daladala 2 kufika chuo, roho ikichoka hiyo si kasoro ya imani, Nabii Yaaqub alihuzunika mpaka macho yakawa meupe.

Nikuulize, ukiamka Alfajiri unashika nini kwanza? Wengi wenu simu inatangulia udhu, status ya mwenzio yuko bichi, mwingine kavishwa pete, unasimama kuswali umeshajipima na watu kumi. Wiki hii simu ilale chumba kingine mpaka umalize uradi. Na kama usingizi na hamu ya kula vimekatika wiki nyingi, nenda hospitali kamuone daktari, dua nayo iendelee.