Nairobi hadi New York: mama atakaa hewani saa ngapi hasa?

Dada uliyeuliza kwa nini tiketi ya mama inaonyesha ndege inaondoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, saa tano na nusu usiku na kutua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi, safari si ya saa saba. Kila muda umeandikwa kwa saa za mahali penyewe. Sisi tuko mbele yao kwa saa nane majira ya baridi kwao, na saa saba kuanzia Machi hadi mapema Novemba, kwa sababu wao husogeza saa na Kenya haisogezi. Saba za kwenye tiketi jumlisha nane za tofauti ya majira ya baridi, kumi na tano. Hizo ndizo za hewani.

Ulivyogawa kilomita 11,800 za njia hii kwa mwendo wa 900 kwa saa ukapata saa 13, hukukosea sana. Umesahau upepo tu. Juu kabisa, ukishaivuka Sahara, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa kwenda ndege inapambana nao, wakati wa kurudi unaisukuma, na ndiyo maana kurudi huchukua kama saa 14.

Sasa ile tiketi ya bei rahisi ya kupitia Doha, Qatar. Nairobi hadi Doha ni kilomita kama 3,350, saa tano hivi. Kutoka Doha hadi New York ni karibu 10,800, saa 14 au zaidi. Yaani anapelekwa kwanza upande wa mashariki, halafu anarudishwa magharibi yote. Kupitia Amsterdam hakupotezi njia sana, ziada ni kilomita 700 tu, na vipande vyote viwili ni vya saa nane nane. Kinachokula muda ni kusubiri katikati.

Mimi nimepita njia zote hizo. Ningekuwa nasafiri peke yangu ningechukua ya rahisi bila kufikiria. Lakini kwa mzee, lipeni ya moja kwa moja. Mama yangu aliuziwa tiketi ya kuunganisha kwenye uwanja mmoja wa Ulaya, pengo la saa moja na nusu, na wakala akaapa linatosha. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikamwacha, akalala kwenye viti vya chuma amejifunika leso yake. Mkilazimika kuunganisha, pengo lisipungue saa tatu, na kiti cha magurudumu muombe mnapokata tiketi, si siku ya safari.

Halafu kuna Mombasa Road, barabara ya kwenda JKIA, ambayo kwenye tiketi haipo. Jioni ya mvua siiamini hata kidogo. Lipieni Expressway tu, ile barabara ya juu ya kulipia. Tena kabla ya kufika kwenye jengo lenyewe abiria huweza kushushwa garini kupita ukaguzi kwa miguu, dereva anawachukua ng'ambo, kwa hiyo mama asivae viatu vya kumsumbua. Awe pale masaa matatu kabla ya ndege kuondoka.

Mwisho, angalia tarehe. Ndege nyingi za Ghuba, kama hiyo ya Doha, huondoka baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:40, mama anatoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Watu wamefika JKIA na mabegi yao usiku wa 15, ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo.