Kama unataka kuhama sigara uende kwenye kiko, soma hapa kwanza

Mwaka huu vijana kadhaa hapa Mafinga wamenijia na swali moja. Wananiona jioni nimekaa nje na kiko, wanakumbuka kwamba zamani nilikuwa mtu wa sigara, na wanataka kujua kama na wao wakinunua kiko wataachana na pakiti. Jibu langu ni refu kuliko wanavyotarajia, kwa hiyo nimeamua kuliandika lote.

Kiko hakimwachishi mtu sigara. Sigara unaiacha kwanza, kavukavu, bila kushika kitu kingine. Baada ya hapo, kifua kikishazoea kuishi bila moshi, ndipo unaweza kuamua kama unataka kiko cha mara mojamoja au hutaki kabisa. Ukitaka ushauri wa moyoni, usichukue chochote. Lakini najua wapo watu kama mimi, wanaopenda harufu ya tumbaku na utulivu wake, na hao watajaribu tu, niseme nisiseme. Bora wajaribu wakijua wanachofanya.

Sababu ya kusisitiza kuacha kwanza iko kwenye tumbaku yenyewe. Sehemu kubwa ya tumbaku ya sigara ni ile ya mvuke, inayokaushwa kwa joto kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia, kama wanavyofanya wakulima wa Chunya, na kama walivyofanya walowezi wa Kigiriki hapa Iringa enzi za ukoloni. Tumbaku hiyo ina sukari nyingi na moshi wake una asidi kidogo. Nikotini ya moshi wa namna hiyo haipenyi vizuri kwenye mashavu na ulimi, kwa hiyo mvutaji anaushusha mpaka kwenye mapafu, na kutoka huko nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hadi ishirini. Hakuna kitu kinachomfundisha mtu utumwa haraka kama malipo yanayokuja upesi kiasi hicho, tena mara kumi kwa kila sigara.

Tumbaku nyeusi, yenye sukari kidogo, ni habari nyingine. Moshi wake unaelekea kwenye alkali, unakwaruza koo, na nikotini yake inaingia kupitia ngozi laini ya mdomo bila kumeza moshi. Mvutaji wa kiko aliyeanza na kiko huujaza mdomo, akauonja, akautoa. Hana haja ya kuushusha.

Sasa mchukue mtu wa sigara umpe kiko leo hii. Atavuta kwa namna ile ile kifua chake kilivyozoea, bila hata kufikiri. Watafiti wameliona hili miaka mingi: waliohama kutoka sigara kwenda kiko wanaendelea kumeza moshi kuliko wale ambao hawakuwahi kuvuta sigara. Mtu anabadilisha chombo, mapafu yanabaki palepale. Tena moshi wa kiko ni mzito, mara nyingi hauna hata kichungi, kwa hiyo anayeumeza anaweza kujiumiza vibaya huku akijisifu kwamba ameacha sigara. Hao ndio ninaowahofia zaidi kuliko hata wale waliobaki na pakiti zao, kwa sababu mwenye pakiti angalau anajua yuko wapi.

Kwa hiyo kaa bila chochote. Mimi ningependekeza msimu mzima wa mvua, na nina sababu. Huku kwetu kazi ya mbao inapungua mvua zikikolea, malori hayapiti kwenye njia za msituni, na zile saa za kusubiri lori, ambazo ndizo zilikuwa zinakula sigara zangu nyingi, zinapungua nazo. Ila mvua hizohizo ndizo msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Nani asiyejua kwamba ulanzi na sigara vinaitana? Nilikaa mbali na vilabu mpaka nilipoona naweza kuketi na watu wanaovuta mkono wangu usiende kwenye mfuko. Wazee wa pale walinielewa nilipowaambia wazi. Waambie watu, ndugu yangu. Mtu anayeacha kimyakimya anakaribishwa sigara kila saa, na kila kukataa kunamgharimu.

Arosto, yaani mateso ya mwili kukosa nikotini, ni kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo. Hasira, kukosa usingizi, njaa isiyoeleweka, kichwa kizito. Kwa wengi inalegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe inapokuja haikai, dakika chache imepita, na kazi yako ni kuvuka dakika hizo tu. Mimi nilivuka kwa karanga, kwa mahindi ya kuchoma, kwa kutembea hadi mwisho wa kiwanda na kurudi. Jambo lililonisaidia kuliko yote lilikuwa kutonunua sigara ya rejareja. Ile moja ya dukani, unayoiita ya mwisho, ndiyo inayorudisha watu. Ikiwa duka unalopita kila asubuhi linauza moja moja, badilisha njia.

Kuna jambo linalowatisha wengi: ndani ya wiki za kwanza unaweza kukohoa zaidi ya ulivyokohoa ukivuta. Vile vinyweleo vidogo sana vilivyomo kwenye njia ya hewa, ambavyo moshi ulikuwa umevilemaza, vinaanza kufanya kazi tena na kusukuma makohozi nje. Mtu anasema kuacha kumemletea ugonjwa, anarudi kwenye pakiti. Vumilia, lakini usibahatishe. Kikohozi kikizidi wiki mbili nenda kapime TB, hasa sisi tunaokula vumbi la mbao au wenzetu wa machimbo ya Chunya. Uvutaji unaongeza hatari ya TB, na ugonjwa huo hauna haya, unaingia hata kwa mtu aliyeacha sigara jana.

Tuseme sasa msimu umepita, umekaa vizuri, na bado unataka kiko.

Bibi yangu mzaa mama, huko Rungwe, alikuwa na kiko. Alikivuta jioni, ametoka shamba, amekwisha kuosha miguu, akiwa amekaa kwenye kigoda nje. Sikuwahi kumwona nacho shambani, wala sokoni, wala asubuhi. Nilipokuwa mtu mzima nikatambua kwamba katika watu wazima wote niliokua nao, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaitawala tumbaku yake. Ninachowaeleza hapa nimekichukua kwake kwa kumwangalia.

Kuhusu chombo chenyewe usijisumbue sana. Viko vya kifahari vinachongwa kwenye kifundo cha mzizi wa mti uitwao Erica arborea, unaostawi pande za bahari ya Mediterania. Jamii ya miti hiyo ipo pia kwenye vilele vya milima ya Afrika Mashariki. Mzizi wake hauungui kirahisi. Lakini kiko cha gunzi la mahindi kinatosha kabisa, na Marekani, kwenye jimbo la Missouri, wanavitengeneza tangu 1869. Sisi tulio kwenye ghala la mahindi la nchi tunachomea magunzi jikoni. Gunzi ni jepesi, halibaki na joto kali, na likichakaa unalitupa.

Tumbaku ndiyo ya kuangalia. Ile ya kusokotwa inayouzwa sokoni kwa wavuta ugoro na watafunaji ni kali mno. Weka kidogo sana, chini ya nusu ya bakuli la kiko, na uwe umekula. Ukianza kutoka jasho baridi, mate yakajaa, kizunguzungu na kichefuchefu vikaja, hiyo ni nikotini imezidi: weka chini, kunywa maji, kaa upepo ukupige. Tumbaku laini ya viko huku juu ni adimu, mara nyingi unamwagiza mtu anayetoka Dar. Itunze kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, maana kiangazi cha huku kinaikausha ikawa unga. Na tafadhali, usipasue sigara ukaijaza kwenye kiko. Tumbaku ya sigara imekatwa nyembamba, inawaka haraka na kwa joto, inaunguza ulimi, na ladha yake inakurudisha kulekule ulikotoka.

Jaza kwa kulegeza chini na kukaza kidogo juu, kiasi kwamba ukinyonya bila moto hewa inapita kwa urahisi. Washa kwa kiberiti, tumbaku ivimbe, ishindilie polepole kwa kitu butu, washa tena. Halafu vuta kidogokidogo. Kikizimika, kizimike. Bakuli likiwa la moto kiasi cha kukuchoma ukilishika, unavuta kwa pupa, subiri. Moshi ukae mdomoni tu. Bakuli moja linachukua nusu saa hadi saa nzima, na hapo ndipo faida pekee ya kiko ilipo: huwezi kukivuta kati ya lori na lori. Sigara inajipenyeza kwenye dakika tano za siku yako na kuzila zote. Kiko kinataka uketi. Siku ambayo huna saa ya kuketi, siku hiyo hakuna kiko, na unashangaa jinsi siku za namna hiyo zilivyo nyingi.

Mara mojamoja maana yake nini? Nakupa mipaka yangu, wewe weka yako, ila iwe mikali. Kiko changu kinakaa nyumbani, hakipandi gari wala hakiingii mfukoni. Nakivuta jioni, kazi imekwisha, na kamwe si jioni mbili zinazofuatana. Navuta nje tu, hata baridi ya Juni na Julai ikiwa kali namna gani, kwa sababu ndani wapo watoto, na nyumba zetu za nyanda za juu tayari zina moshi wa jiko la mkaa na kuni wa kutosha. Mtoto hatumwi tumbaku dukani. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na hata kama isingekataza, mikono ya mtoto haikuumbwa kubeba mzigo wa mzazi.

Kiangazi kikikomaa, kuanzia Agosti mpaka mvua zirudi, nakiweka kabatini kabisa. Shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi ya misindano yanaungua miezi hiyo, na cheche ya kiko inaruka kuliko watu wanavyodhani. Majivu yamwagwe kwenye kopo lenye maji, yasigongwe kwenye kisiki.

Sasa lile ambalo wauza viko hawalisemi. Kuvuta kiko kunaleta saratani ya midomo, ya kinywa, ya koo, ya umio, na ya mapafu pia. Ripoti kubwa ya serikali ya Marekani ya 1964 kuhusu uvutaji iliunganisha kiko na saratani ya mdomo wa nje, na ushahidi umeongezeka tangu hapo. Kuvuta mara chache na kutomeza kunapunguza hatari ukilinganisha na pakiti kwa siku. Hakuiondoi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, aliyewahi kuugua TB, mjamzito, na yeyote ambaye hajawahi kuvuta, hawa sina ushauri wa kiko kwao, waache kabisa. Wewe unayevuta, jitazame kinywani kwa kioo mara kwa mara. Kidonda kisichopona wiki mbili, au doa jeupe lisilofutika, mpelekee daktari wa meno alione, usingoje liume.

Zipo dalili tatu za kukufanya usimame. Ukiamka asubuhi unakifikiria kiko. Ukijikuta umekitia kwenye mfuko wa koti unapotoka. Ukihisi moshi unashuka kifuani na unaupenda. Ikitokea hata moja, kiweke mwezi mzima. Ukishindwa kuumaliza mwezi huo, nenda kituo cha afya, mwambie mhudumu waziwazi kwamba nikotini imekushika na unataka kutoka. Wengi wetu tunapeleka kikohozi hospitali na kuficha tunachovuta, halafu tunapewa dawa ya kikohozi.