Jibu: Sauti ya kijana imevunjika, aache kwaya?

Dada, umeuliza kama kijana wako wa miaka 14 aache kwaya ya usharika kwa kuwa sauti imeanza kukwaruza. Asiache kabisa! Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kuwa nene, ndiyo maana sauti inamruka katikati ya wimbo. Mwombe mwalimu amtoe soprano (sauti ya juu kabisa), aimbe alto au tenor (sauti za chini yake), zile nota zinazomjia bila kukaza shingo. Kinachowaumiza vijana ni kulazimishwa kushindana na spika za kinanda, na hilo linaniuma sana. Kipindi hiki ajifunze kusoma nota za do-re-mi, maana kazi hiyo haihitaji sauti kubwa. Mazoezini abebe maji, na akikaukwa koo apumzike.