Jibu: Naweza kutafiti darasa langu mwenyewe?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama unaweza kutafiti darasa unalofundisha mwenyewe, na kama lazima ugawe hojaji kwa watu mia. Unaweza kabisa, na hojaji, yaani ile fomu ya maswali, si lazima. Huo ni utafiti tendaji, mwanasaikolojia Kurt Lewin aliandika kuuhusu tangu 1946: unapanga, unatenda, unaangalia kilichotokea, unatafakari, halafu unarudi mwanzo.

La muhimu swali liwe dogo. Ukiandika "kwa nini wanafunzi wanafeli" litakumeza hilo. Mi nilikuwa na kidato cha kwanza, watoto wametoka msingi wamesoma kwa Kiswahili ghafla kila kitu Kiingereza, ukiuliza swali kimyaa, basi nikajiuliza je nikiwapa dakika mbili wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili kwanza ndo wajibu, wangapi watanyoosha mkono? Wiki nne, daftari moja, kila kipindi nahesabu mikono na jioni ileile naandika mistari mitatu maana ukilala unasahau. Mikono iliongezeka ila wengi walikuwa walewale wa mbele, na hilo ndo likawa swali la mzunguko wa pili.

Kuhusu upendeleo, yaani kuona yale unayotaka kuyaona kwa vile darasa ni lako, usiufiche, andika wazi kwamba we ndo mwalimu wao, halafu muombe mwenzako akae nyuma aangalie kipindi, na madaftari ya wanafunzi uyapitie pia, ulinganishe. Na jamani ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi usiiruke, mtoto akikataa kushiriki asiogopee maksi zake.