Mtoto Aliyemsomea Bibi Yake Stakabadhi

Mwaka wangu wa tatu wa ualimu, huku juu Newala, mkoani Mtwara, nilimrudishia mtoto wa Darasa la Nne daftari lake likiwa jekundu tupu. Nilikuwa nimewaambia waandike walichofanya Jumamosi. Yeye aliandika kwamba walikwenda shambani na bibi yake kuokota kolosho, wakakuta nyoka chini ya mkolosho, bibi akamuua kwa mpini wa jembe. Nikazungushia duara kila "kolosho". Zilikuwa saba. Kuhusu nyoka sikusema neno.

Wiki iliyofuata aliandika sentensi mbili. Wiki ya tatu, moja: "Jumamosi nililala." Haikuwa na kosa, nikaipa vema. Ilinichukua muda mrefu mno kuelewa kwamba nilikuwa nimemfundisha mtoto kunyamaza.

Mtu wa kwetu anajua "kolosho" inatoka wapi. Ulimi uliokulia Kimakonde huweka l palipo na r, na mkono wa mtoto huandika kile ambacho sikio lake limesikia. Kwa hiyo yule hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa anasikiliza vizuri, na mimi ndiye niliyekuwa sisikilizi.

Siku hizi najibu habari kwanza. Chini ya kazi naandika kwa penseli: "Nyoka alikuwa wa rangi gani? Bibi hakuogopa?" Mtoto akifungua daftari anakuta ameulizwa jambo analolijua yeye peke yake, basi anaandika tena bila kulazimishwa. Kosa nachagua moja tu kwa kila kazi, na neno sahihi nalitia ndani ya swali langu: "Korosho mlizookota zilijaa ndoo ngapi?" Wengi huliona wenyewe. Wasioliona nawakusanya mwisho wa mwezi, tunachezea mahali na mahari, kula na kura, mpaka darasa zima linacheka kwa kufikiria mtu anayepeleka ng'ombe wa mahali.

Mtoto yuleyule ndiye aliyenipa somo la pili. Msimu wa korosho, bibi yake alipeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, ukapimwa, akapewa stakabadhi. Bibi hajui kusoma. Kwa kawaida karatasi ile huingia kwenye pindo la kanga, kisha kwenye sanduku, na inangoja malipo baada ya mnada. Safari hii alimpa mjukuu amsomee. Kijana akasoma polepole, kwa kidole: tarehe, daraja, kilo. Alipofika kwenye jina akasimama. "Bibi, hili jina la mwisho si letu."

Walirudi siku hiyohiyo, karani akarekebisha. Kesho yake bibi alikuja shuleni kwa miguu, na katika miaka yote ya mtoto yule kusoma sikuwahi kumwona. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, akakaa kwenye benchi, akaniambia, "Mwalimu, huyu sasa ndiye karani wangu. Usimwache."

Tangu hapo naanza na maandishi yanayopita mikononi mwa watu nyumbani kwao. Nina gunia dogo ukutani. Watoto wanalijaza kwa kipande cha gazeti kilichofungia maandazi, kadi ya kliniki ya mdogo wao (hiyo hurudi nyumbani siku hiyohiyo), kalenda ya mwaka uliopita, tangazo la mkutano wa kijiji, karatasi ya maelekezo ya dawa ya mikorosho. Hiyo ya mwisho tuliisoma siku mbili. Wazazi wao hupuliza salfa kila mwaka kuzuia ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiri unga, lakini wengi wa watoto hawakujua kwamba kwenye mfuko kumeandikwa ufunike pua na mdomo. Waliokwenda nyumbani kuwaambia baba zao walikuwa wengi, na waliambiwa waisome tena kwa sauti.

Simaanishi tuache vitabu vya hadithi. Vitolewe kabatini. Nimefanya kazi mahali ambapo kabati la vitabu lilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo aliogopa visichanike. Havikuchanika. Vilikaa vipya hadi buibui wakavihamia, na watoto wakamaliza Darasa la Saba bila kuvigusa. Hilo linaniuma hadi leo. Kama vitabu ni vichache, washone vyao. Karatasi ya mfuko wa saruji ikikung'utwa vizuri na kukatwa inatoa kurasa ngumu, na uzi wa kushonea magunia unazishika. Bibi au babu anakuja Ijumaa kusimulia, kwa Kimakonde akitaka. Watoto wanaigeuza kwa Kiswahili, wenye mwandiko mzuri wanaandika, wengine wanachora. Kitabu chenye hadithi ya babu wa jirani hugombewa.

Na tafadhali, walimu wenzangu, tuache kabisa kumwandikisha mtoto mara mia "sitachelewa shule". Kalamu ikishakuwa fimbo, usitegemee aishike kwa furaha kipindi kinachofuata.

Kwa watoto wakubwa natumia Tendaguru. Kule kwa jirani zetu wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Mjusi mmoja amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watoto hushangaa hapo. Lakini kinachowatia kalamu mkononi ni habari ya watu: mifupa ile ilibebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, kwa siku kadhaa za kutembea hadi bandari ya Lindi. Nawaambia, wewe ni mpagazi, mwandikie mkeo barua. Binti mmoja aliandika: "Mzigo ni mfupa, ila hawatuambii wa nani. Mchemshie mtoto uji, nitachelewa." Sikuigusa barua ile kwa penseli. Niliisoma mbele ya darasa, kisha nikaomba ruhusa yake niibandike ukutani.

Wazazi huniuliza wasaidieje ilhali wao wenyewe hawasomi. Mwambie akusomee wakati unapepeta mchele. Akikwama, usimkaripie, mngoje. Akimaliza muulize, "Halafu ikawaje?" Kama kitabu hakisemi, mwambie aandike yeye.

Oktoba inakaribia, na najua madawati yatapungua watu, maana korosho zikianguka hazingoji kengele. Nimekwisha kugombana na hilo miaka mingi. Mwaka huu nashona vidaftari vidogo, vya kuingia mfukoni, kimoja kwa kila mtoto. Watapeleka shambani. Watahesabu ndoo, wataandika nani alikuja kuuliza kangomba, yaani korosho za kununuliwa kinyemela nje ya chama, mvua ilinyesha saa ngapi, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliliwa na nani. Hadi jana usiku nilikuwa nimemaliza 41, na uzi umekwisha.