Waigizaji wa Edo, Japani, kwenye chapa za mbao (picha zilizochapwa kwa mbao za kuchongwa): maswali yenu

Mbona mwanamke kwenye chapa ya kabuki ana taya la mwanamume? Mchoraji alikosea? (Msomaji, Tanga)

Hakukosea, huyo ni mwanamume. Kabuki ni tamthilia ya Kijapani; wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, na leo wanaume wanaoigiza nafasi zao huitwa onnagata. Angalia kitambaa cha zambarau juu ya paji la uso. Mwaka 1652 wavulana nao walikatazwa. Kabuki ikaruhusiwa tena kwa sharti kwamba waigizaji wanyoe nywele za mbele kama watu wazima. Kitambaa kinaficha kipara hicho. Wachoraji wengi walimremba onnagata mpaka akawa kidosho kweli. Sharaku hakumremba mtu.

Huyo Sharaku ni nani hasa?

Nakiri, ndiye nimpendaye kuliko wote. Alizuka Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1794, akatoa chapa zaidi ya 140 kwa miezi kama kumi tu, kisha kimya. Wengi wanaamini alikuwa Saitō Jūrōbei, mwigizaji wa tamthilia za Noh. Ōta Nanpo, aliyeishi zama hizo, aliandika kwamba Sharaku alishikilia mno uhalisi, ndiyo maana hakudumu. Namwelewa mteja: unamhusudu nyota wako, halafu unauziwa pua yake ilivyo na kidevu chake cha uzee!

Mchoraji ndiye aliyechonga ubao?

La. Mchapishaji alitoa mtaji, mchoraji akachora kwenye karatasi nyembamba, mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga akifuata mistari. Mchapaji alikuja mwisho. Kila rangi huwa na ubao wake, na alama mbili zilizochongwa pembeni huifanya karatasi ikae palepale kila mara. Sifa zote akachukua mchoraji.

Miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kwenye vazi?

Nembo ya ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjūrō: vipimo vya mchele vikitazamwa kutoka juu, tuseme vibaba.

Zilikuwa za matajiri?

Hata kidogo, bei yake haikuwa mbali na ya bakuli la tambi. Hata hivyo serikali, ikidai zinaharibu maadili, ilizipiga marufuku mwaka 1842. Baadaye, kuikwepa marufuku hiyo, mchoraji Kuniyoshi akachora nyuso za waigizaji kama michoro ya mtundu aliyekwaruza ukuta kwa msumari. Majina hakuandika, wala wapenzi wa kabuki hawakuyahitaji. Katikati akamweka paka anayecheza, kajitanda kitambaa kichwani.