Re: Dada kafiwa na kichanga na halii
Pole sana ndugu. Unauliza kwa nini dada yako kafiwa na mtoto wa wiki tatu, hajalia, siku ya nne karudi kibaruani na watu wanasema hana uchungu. Uchungu anao, nafasi ndo hana. Mimi nilifiwa hivyohivyo, wengine wawili wanataka kula, wazee wananiambia usilie utazaa mwingine, basi nikameza.

Kwanza muulize maziwa, yanaendelea kutoka hata mtoto hayupo, matiti yakijaa akamue kidogo tu yasiume, akipata homa aende kliniki. Halafu mtaje mtoto kwa jina lake, mimi hilo ndo lilinifungua. Akisema hataki kuishi usisubiri, mpeleke hospitali sikuhiyohiyo.